Ubatizo wa Tata

Baba yangu alikuwa mwanamke. Naanza na hilo moja kwa moja, maana nikianza kuzungukazunguka nitaghairi na kusimulia habari za mvua.

Watu wa Mara hawatashangaa. Wengine tulieni nieleze. Kwetu, vijijini nyuma ya Butiama, mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume, kama ana ng'ombe zake, aliweza kutoa mahari na kuoa msichana. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Hawalali kama mume na mke, ondoeni mawazo hayo. Msichana anazaa na mwanamume anayempenda, na huyo mwanamume hahesabiwi popote. Akipita njiani anaamkiwa kama mpita njia mwingine. Watoto ni wa nyumba ya yule mama aliyetoa ng'ombe. Nyumba nyingi watoto humwita bibi. Wa kwangu hakutaka. "Bibi ni wa kuombwa karanga," alisema. Alitaka aitwe tata, yaani baba, na ukimwita hivyo aliitika kwa sauti nene ya makusudi, ambayo kwa mambo mengine hakuwa nayo kabisa.

Nilimwita tata bila wasiwasi mpaka nilipoanza shule. Siku moja mwalimu alituuliza kazi za baba zetu. Mvuvi, mkulima, karani, dereva. Zamu yangu ilipofika nikasema baba yangu anafinyanga vyungu. Darasa zima likalipuka, kwa sababu kwetu mwanamume hafinyangi. Tangu siku hiyo nikiulizwa nilikuwa nasema baba alishafariki, na watu walinihurumia, na huruma yao niliipokea bila haya yoyote. Haya niliziweka zote nyumbani.

Wakati ninaousimulia nilikuwa mwalimu wa dini Manyamanyama, pale Bunda. Ilikuwa miaka ya kukosa. Sukari hakuna, sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Ukisikia duka la ushirika limepata khanga, unapanga jiwe lako kwenye foleni unakwenda shamba, na ole wake atakayesogeza jiwe la mwenzake. Unga ulikuwa ule wa njano wa msaada, tuliouita yanga, na ugali wake ulikuwa unakwama kooni. Katika ukosefu wote huo mimi nilikuwa na kitu kimoja cha kuringia. Nilikuwa naujua Utatu Mtakatifu.

Msicheke. Nilikuwa nimepelekwa Musoma, Kigera, kwenye mafunzo ya walimu wa dini, na wenzangu walikwama palepale. Mungu mmoja, nafsi tatu. Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho Mtakatifu ni Mungu, wala si miungu watatu. Wenzangu walishika vichwa. Mimi nilikariri mpaka ikanikaa ulimini. Kilichonipendeza zaidi ni habari ya Mwana: kwamba hakuumbwa, hakuokotwa mahali, hakupandishwa cheo baadaye kwa sababu ya tabia njema, kwamba si Mungu mdogo wa kutumwa dukani, na kwamba hapakuwahi kuwa na siku hata moja ambayo Baba alikuwepo peke yake bila Mwana. Niliporudi Bunda nilifundisha somo hilo kwa madaha, mkono mmoja mfukoni.

Nilipanga chumba nyuma ya nyumba ya fundi cherehani, Mwislamu, mtu mzima mwenye maneno. Kila nikirudi kutoka kufundisha aliniuliza kutoka barazani, mguu bado uko kwenye pedali, "Mwalimu, leo miungu wenu wamefika wangapi?"

"Mmoja tu, fundi."

"Alhamdulillahi. Basi leo tumeelewana."

Tulicheka kila siku kwa neno hilohilo. Yeye aliamini Mungu hana mwana wala hamhitaji. Mimi niliamini anaye tangu milele. Chai tulikunywa pamoja, chungu, bila sukari.

Kisha tata akaja.

Alishuka kwenye lori la pamba akiwa na chungu kipya kichwani, zawadi yangu, na kifurushi cha nguo. "Nimekuja kufundishwa," aliniambia hata kabla ya kukaa. "Unafundishaga watu wasio wako, mimi umeniacha."

Nikamuuliza kwa nini sasa, baada ya miaka yote hiyo.

"Nasikia mkifa kuna mahali mnakwendaga. Wewe utakwenda huko. Mimi nitabaki na nani?"

Nikamwambia karibu, atakaa nami mpaka amalize mafundisho. Fundi alikuja kumsalimia, akamletea kiti. "Huyu ni bibi yangu," nikasema. Kiswahili cha tata kilikuwa cha sokoni, lakini neno bibi alilijua vizuri. Alinitazama kidogo, akaendelea kufungua kifurushi chake. Tulipobaki wawili nikamweleza kwamba hapa mjini, mbele za watu, nitakuwa namwita bibi.

"Na humu ndani?"

"Humu ndani tata."

"Haya," akasema, akaniuliza maji yako wapi.

Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda salama. Alikaa ukutani darasani, miguu ameinyoosha, akisikiliza. Halafu tukafika kwenye Utatu, somo langu, na mzee mmoja mbishi akanisimamisha. "Mwalimu," akasema, "baba na mwana hawawezi kuwa rika moja. Baba ndiye anayetangulia. Lazima palikuwepo na siku baba alikuwa bado hajawa baba."

Nilikuwa na jibu lake tayari. Nikaingiza mkono mfukoni. Kabla sijafungua kinywa, tata akanyoosha kidole, akaanza kusema kwa lugha ya nyumbani, ambayo nusu ya darasa waliielewa.

"Mbona jambo rahisi? Mimi nilikuwa baba yake huyu kabla hajazaliwa. Siku ng'ombe zangu zilipotoka zizini kwenda kwa kina mama yake, wazee walinishika mkono wakaniita baba wa mtoto, na jina lake wakalitaja. Mama yake hana hata mimba. Kwa hiyo huyu hajawahi kuwepo siku moja mimi nikiwa si baba yake."

Kisha yule mzee mbishi, ambaye alikuwa ameelewa, akawatafsiria wasioelewa, na chumvi akaongeza. Eti mwalimu wetu ni mtoto wa nyumba ntobhu! Eti baba yake ndiye huyu ajuza! Loo, walicheka. Walicheka mpaka kina mama wakafuta machozi kwa pembe za khanga. Hawakuwa wabaya, walifurahi tu, lakini masikio yalinichoma na jasho likanishuka mgongoni. Miezi yote walinijua kama yatima mwenye heshima zake. Nikasema, "Tuendelee," na nilikuwa sijui tunaendelea na nini. Kasoro za mfano wake nilizijua zote, ningeweza kuzipanga mstari. Sikuzipanga. Nilitaka tu saa ya somo iishe.

Njiani nilitangulia.

"Nimekosea?" akaniuliza kutoka nyuma.

"Hapana."

"Mbona unakimbia hivyo?"

Nikapunguza mwendo kidogo. Kidogo tu.

Karibu na Pasaka padre alikuja kuwapima wanafunzi kabla ya ubatizo. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya ziwa, mpole, pikipiki anaendesha mwenyewe na vumbi lote la barabarani liko kwenye nyusi zake. Lugha yetu hakuijua, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nawatafsiria wazee. Tulikaa ndani ya kanisa. Padre mezani, wazee wa kanisa kwenye benchi, mwanafunzi katikati, mimi pembeni yake nimesimama.

Zamu ya tata ikafika. Mungu ni wangapi? Mmoja. Nafsi? Tatu. Yesu Kristo ni nani? Tata akajibu kwamba ni Mwana wa Mungu, naye ni Mungu sawasawa na Baba yake, hajapungua mahali. Nikatafsiri. Padre akanitazama akatabasamu. "Umefundisha vizuri, mwalimu." Nikavimba kichwa, siwafichi.

"Kuna kizuizi chochote?" padre akauliza, kalamu tayari.

Mzee mmoja wa kanisa akakohoa kikohozi cha mtu mwenye jambo. "Padre, huyu mama ameoa."

Padre alidhani amesikia vibaya. Wakamweleza, huyu akianza yule akimalizia. Akaweka kalamu chini. "Ana mtoto katika nyumba hiyo?"

Swali hilo sikulitafsiri. Nikajibu mwenyewe. "Anaye mmoja."

"Yuko wapi?"

Wazee wote walinigeukia. Hata ningetaka kudanganya nisingeweza.

"Ni mimi, padre."

Nimewahi kuchapwa viboko mbele ya shule nzima, suruali imechanika. Ile haikuwa aibu. Aibu niliijulia hapo. Nilitamani ile sakafu ya udongo ipasuke initie ndani, mimi na Utatu wangu. Padre naye aliona haya, akavua miwani akaifuta kwa kanzu kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole, na kwa upole kweli, kwamba kanisa haliwezi kumbatiza mtu aliyeoa kwa namna ile. Ni lazima aseme hapa, mbele ya wazee, kwamba yule mwanamke si mke wake. Wakae nyumba mbali, jiko mbali. Na aseme kwamba mtoto si wake.

"Sisemi asikupende," akaniambia. "Aseme ukweli tu. Mtoto ni wa aliyemzaa."

Nikamtafsiria tata. Neno kwa neno, sikuruka kitu.

Tata hakumtazama padre. Alinitazama mimi. Mimi nikatazama miguu ya meza. Akaniuliza kwa lugha yetu, taratibu, kama anayeuliza kama nimekula:

"Unaona haya?"

"Anasemaje?" padre akauliza.

"Anafikiri," nikasema.

Wala sikumjibu tata. Hakuhitaji jibu. Uso wangu alikuwa ameusoma tangu niko mgongoni mwa mama. Akavuta khanga yake vizuri begani, akajinyoosha, akatoa ile sauti nene.

"Mwambie padre, huyu si mwanangu. Ni mtoto wa mama yake."

Nikageuka kwa padre. "Anasema mimi si mwanawe. Anasema mimi ni mtoto wa mama yangu."

Padre akaandika. Wazee wakatikisa vichwa kwamba ni sawa. Na mimi nikapumua. Nilipumua kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi. Pumzi ile bado inaniaibisha kuliko vicheko vyote vya darasani.

Nguo ya ubatizo alishona fundi. Kitambaa cheupe hakikupatikana Bunda wala Musoma, kwa hiyo tulichukua mifuko ya unga wa msaada, ile ya kitambaa, tukaichemsha na majivu, tukaianika juani. Maandishi yalififia lakini hayakutoka. Fundi alikuwa anapima shingo ya gauni nilipomsimulia yaliyotokea kanisani. Sijui kwa nini nilimsimulia. Labda nilitaka aseme ni jambo dogo.

Mguu wake ukasimama juu ya pedali. "Kumbe yule ni baba yako."

"Alikuwa."

"Mwalimu," akasema, na safari hii hakuwa anatania, "dini yangu inanikataza kusema Mungu ana mwana. Dini yako ukisema hana, umetoka. Sasa nieleze mimi nisiyejua. Mnamwambiaje mama wa watu amkane mwanawe, ndipo mkambatize kwa jina la Baba na la Mwana?"

"Fundi, shona," nikamjibu kwa ukali.

"Haya bwana. Nashona."

Siku hiyo hatukunywa chai.

Tata alibatizwa asubuhi ya jua kali, pamoja na wenzake, amevaa gauni lake la mifuko na vivuli vya herufi mgongoni. Padre akammiminia maji kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Maji yakamwingia sikioni, akatikisa kichwa, watu wakacheka, naye akacheka. Alifurahi sana siku ile, lazima niseme. Watu walipokuwa wakipongezana nilimsogelea nikamnong'oneza, "Hongera, tata."

"Asante, mwalimu," akasema.

Nilidhani ni kwa sababu ya watu. Tulipofika chumbani, mlango umefungwa, akanimiminia uji. "Mwalimu, kunywa kabla haujapoa." Nikamtazama. Hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa ametoa neno lake mbele ya wazee, na kwao neno la mwenye nyumba halirudi kinywani. Mimi nilikuwa nimechukulia kwamba tunapita tu mlango wa padre, tukishaingia kila mtu atarudi alikokuwa.

Nilimrudisha nyumbani, nikajenga kibanda kingine ng'ambo ya ua kwa ajili ya mama yangu, kama ilivyoagizwa. Mama hakuwa mtu wa kunyamaza. "Mtoto ni wa aliyemzaa, ndivyo alivyosema?" aliniuliza nikiwa juu ya paa naezeka. "Kuzaa si kazi, kazi kulea. Mimi kukuzaa ilikuwa asubuhi moja. Yeye alikubeba mpaka ukapata miguu ya kutukimbia." Nikaendelea kufunga nyasi. Mama akahama, jiko likawa mbali na jiko. Lakini viberiti vilikuwa havipatikani nchi nzima, kwa hiyo kila alfajiri mama alivuka ua akaomba kaa la moto kwa tata, na siku moto wa tata ukizimika, tata alivuka akaomba kwa mama. Padre alipopita siku moja alimkuta mama ameshika kigae chenye makaa katikati ya ua. Akamwamkia, akawasha pikipiki yake.

Baadaye nilihamishiwa Musoma, nikafundisha Kigera, mahali palepale nilipojifunzia. Ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa. Mitumba ikamwagwa chini sokoni, ukachagua koti la Mzungu kwa bei ya samaki. Sukari, sabuni za rangi zote, redio za kaseti, viberiti mpaka ukachoka kuviona. Kila kitu ruksa. Nilipokwenda nyumbani nilimpelekea tata sabuni na sukari, akazipokea kwa mikono miwili. "Asante, mwalimu." Mimi nilimwamkia shikamoo basi, bila kumtaja. Sikumwita bibi, sikumwita mama, tata sikuthubutu. Nilijiambia naulinda ubatizo wake. Kigera walijua mimi ni yatima wa baba, na wanafunzi wangu wote walijua kwamba hapakuwahi kuwa na siku Baba alikuwepo bila Mwana. Nilikuwa nikifika kwenye sentensi hiyo natazama dirishani mpaka ipite. Mkono mfukoni nilishaacha.

Halafu kondakta wa basi akaniletea salamu kutoka kwa mama: njoo, hali si nzuri.

Nilifika mchana. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwa tata, si kwake, anachambua mchicha ambao hakuna aliyekuwa na hamu nao. "Ingia," akasema. "Tangu jana hajala."

Tata alikuwa amekuwa mdogo kitandani. Vidole tu ndivyo vilivyobaki vilevile, vimepasuka kwa udongo wa vyungu. Gauni la mifuko lilikuwa limekunjwa chini ya kichwa chake. Akafungua macho.

"Mwalimu. Umekuja."

Nilipiga magoti nikamshika mkono. Kulikuwa na sala za kusema kwa mgonjwa, nilizijua zote kwa moyo. Kilichonijia mdomoni ni lile neno lingine. Sikufika hata nusu yake, akaunyanyua mkono wangu pamoja na wake kunizuia.

"Usiniite hivyo," akasema. "Nilimwahidi padre mbele ya wazee. Ukiniita nitaitika. Sasa nikiitika, huko mnakokwendaga watanipokea?"

Alikuwa anaogopa. Miaka yote ile sikujua kwamba anaogopa. Nilidhani ananiadhibu, na adhabu nilikuwa naivumilia kama mtu mwenye adabu zake, kumbe mama wa watu alikuwa analinda nafasi yake karibu na mimi kwa kuuma meno. Nikatafuta jibu katika mafunzo yangu yote ya Kigera. Sikupata. Niliona aibu mpaka machozi yakanishinda, na nikamwinamia ili asiyaone, na aliyaona.

"Unaona haya?" akaniuliza, kama siku ile.

"Ndiyo," nikasema. "Kwa ajili yangu. Si kwa ajili yako."

Mchicha ukaacha kuchambuliwa pale mlangoni. "Mwite," mama akasema, bila kugeuka.

Nikamwita. Aliitika kabla sijamaliza, kwa ile sauti nene.